Sampuli au Dondoo? Historia ya Mashine Moja na Tatizo la Jina Lake

Mashine inayochukua kipande cha sauti, ikakihifadhi na kukirudia kila mpigaji anapogonga kitufe, bado haina jina moja la Kiswahili lililozoeleka. Wako wanaoiita kinanda, wako wanaoiita mashine ya ngoma, na wako wanaoridhika na jina la kigeni. Jambo hili si dogo. Kijana anayejifunza kutunga midundo hununua mashine yake ya kwanza kwa fedha alizodunduliza, na jina lisilo sahihi katika kitabu cha maelekezo laweza kumpeleka kwenye chombo kisichomfaa. Tumeona ni vyema tuitazame historia ya mashine yenyewe kabla ya kupendekeza istilahi.

Wazo lake ni la zamani kuliko mashine. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio mjini Paris, alitunga kazi ya muziki kwa milio ya treni iliyorekodiwa katika santuri. Mwaka 1979 Peter Vogel na Kim Ryrie wa Sydney, Australia, walitoa Fairlight CMI, kompyuta iliyoweza kuchukua sauti yoyote na kuipiga kwa vibao kama vya piano. Emulator ya Marekani ilifuata mwaka 1981, nayo ilikuwa na vibao vya namna hiyo. Hapa ndipo jina «kinanda» lilipoweza kuhalalishwa.

Lakini uhalali huo haukudumu. SP-1200 ya mwaka 1987 na MPC60 ya mwaka 1988, iliyobuniwa na Roger Linn kwa ajili ya kampuni ya Akai ya Japani, hazikuwa na vibao vya piano. Zilikuwa na vitufe vya kugonga kwa vidole. Nalo jina «mashine ya ngoma» lina kasoro yake. Linn huyo huyo alikuwa ametoa LM-1 mwaka 1980, mashine iliyopiga sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, lakini mwenye nayo hakuweza kuiingizia sauti yake mwenyewe. Tangu hapo kuna koo mbili: mashine inayochukua sauti, na mashine inayopiga tu ilizopewa.

Je, tuseme «sampuli»? Neno hili tunalo, ila lina kazi nyingine. SP-1200 huipima sauti takriban mara 26,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo kimoja ndicho sampuli. Kipande kizima cha sauti ni kitu kingine. Kiingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili. Kiswahili hakilazimiki kurithi utata huo. Tunacho kitenzi kudondoa, yaani kuokota kidogo kidogo, kama nafaka, na pia kuteua sehemu za maandishi. Basi tunapendekeza kipande kiitwe dondoo la sauti, na mashine iitwe kidondoa sauti, kwa mfano wa kinasa sauti. Ile isiyoweza kudondoa iitwe kipiga dondoo.

Manufaa ya tofauti hii huonekana dukani. Volca Sample ya mwaka 2014 hupiga hadi madondoo 100, lakini haina mlango wa kuingizia sauti. Madondoo hutoka katika simu au kompyuta. Ni kipiga dondoo. PO-33 ya mwaka 2018 ina maikrofoni yake na nafasi ya sekunde 40. Ni kidondoa sauti, japo hutosha kiganjani. Mwalimu amwelekeze mwanafunzi aulize kwanza mashine ni ya ukoo upi, ndipo aulize ukubwa wa hifadhi. Uchache wa sekunde usimtishe. SP-1200 ilikuwa na sekunde 10 tu kwa jumla, na watunzi walipiga santuri ya mizunguko 33 kwa mwendo wa 45, wakaidondoa ikienda mbio, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine. Kwa ufundi huo ulijengwa muziki mwingi wa hip hop wa New York.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya kazini na kutuletea maoni yao. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.