Mgeni Bubu na Watu wa Abingdon



Waliokuwa hapa kati ya mwaka 1969 na 1974 hawajalisahau gari dogo jekundu la mwalimu wetu wa fizikia: viti viwili, paa la turubai, na herufi MGB nyuma. Wavulana tulisema herufi hizo ni kifupi cha "Mgeni Bubu", maana asubuhi za baridi lilikataa kunena mpaka kidato cha tatu walisukume kuteremka mlima wa bwenini. Mwalimu hakukasirika. Alifungua boneti akatufundisha kazi ya kabureta, kisha akatuonyesha betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, zikiunganishwa kutoa volti 12. Somo la umeme mimi nililielewa pale, si ubaoni.

Gari hilo bado lipo. Tangu Mwalimu alipoliachia shule limelala nyuma ya karakana ya useremala, na sasa kamati yetu imepokea ombi la mnunuzi wa vyuma chakavu. Kabla hatujapiga kura siku ya mkutano, naomba niwasimulie habari za chama kimoja cha wenye magari ya namna hiyo.

MG ni kifupi cha Morris Garages, biashara ya magari ya William Morris mjini Oxford, Uingereza. Katika miaka ya 1920 meneja wake, Cecil Kimber, alianza kuchukua chasi za kawaida za Morris na kuzivika bodi nyepesi za kupendeza. Yalikuwa magari ambayo kijana mwenye mshahara wa kadiri aliweza kuyatamani bila kuchekwa. Kazi ilipokua, ilihamia mji mdogo wa Abingdon, kusini ya Oxford, na huko ikakaa miaka hamsini.

Mwaka 1930 mwenye gari mmoja aliandika barua katika gazeti la magari akipendekeza wenziwe wakutane. Miongoni mwa walioitikia alikuwamo John Thornley, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akijifunza uhasibu. Oktoba mwaka huo walikutana katika hoteli ya Roebuck, karibu na Stevenage, wakaanzisha MG Car Club, na Thornley akawa katibu. Mwaka uliofuata aliacha uhasibu akaajiriwa kiwandani Abingdon. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1969 alikuwa meneja mkuu wa kiwanda hicho, na ni katika enzi yake MGB ilipotoka, mwaka 1962. Tazameni basi: aliyeanza kwa kuandika majina ya wanachama daftarini ndiye aliyekuja kusimamia utengenezaji wa gari la mwalimu wetu.

Kimber mwenyewe hakuyaona hayo. Aliondolewa kazini mwaka 1941, akafa Februari 1945 katika ajali ya treni kwenye stesheni ya King's Cross, London. Baada ya vita magari yalipelekwa ng'ambo kwa wingi, na matawi ya chama yakayafuata huko huko.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kiliingia mikononi mwa kampuni kubwa ya British Leyland, na msaada ambao chama kilikuwa kikiupata kutoka kiwandani ukakatwa. Wanachama wakabaki na ada zao wenyewe na kazi ya kujitolea. Wengi walidhani chama kitakufa. Kumbe ndipo kilipojifunza kutembea bila mkongojo.

Jaribio kubwa lilikuja Septemba 1979, nami nilikuwako Uingereza nikisomea ufundi wa mitambo. Mji wa Abingdon ulikuwa umetoka kusherehekea miaka hamsini ya MG pale, na mara baada ya ngoma kuisha kampuni ikatangaza kwamba kiwanda kitafungwa. Mwishoni mwa mwezi huo wenye magari waliingia London kwa msafara kupinga. Nilisimama kando ya barabara nikiyatazama magari yakipita, mekundu, ya kijani, meupe, na nikajikuta natafuta moja linalosukumwa. Sikucheka. Karibu yangu alikuwapo mzee mmoja mwenye ovaroli, akilia bila kuficha uso.

Maandamano hayakufaulu. MGB ya mwisho ilitoka Oktoba 1980, baada ya zaidi ya magari 500,000 kutengenezwa, na milango ikafungwa.

Sasa angalieni walivyofanya waliobaki. Hawakukaa matanga milele. Walikuwa na madaftari ya kila aina ya gari, yenye namba za chasi na majina ya wenyewe. Walifundishana ufundi na kutafutiana vipuri. Kwa kuwa wateja hao walikuwapo, watu wa biashara waliona faida kutengeneza vipuri upya, hata mwaka 1988 bodi nzima za MGB zikaanza kutengenezwa tena kwa kalibu zile zile za zamani. Kampuni iliyorithi jina la MG ilifilisika mwaka 2005, na leo jina hilo ni mali ya kampuni ya China. Chama kingali hai, na makao yake yako Abingdon, katika nyumba iitwayo Kimber House.

Mwaka jana nilifuta vumbi la Mgeni Bubu kwa leso yangu, nikanakili namba ya chasi, nikawaandikia watunza kumbukumbu za magari huko Gaydon, Uingereza. Jibu lilikuja: limetengenezwa Abingdon mwaka 1965, usukani kulia, rangi nyekundu. Basi mgeni wetu ana cheti cha kuzaliwa, wakati daftari la wanafunzi walioingia kidato cha kwanza pamoja nami limeliwa na mchwa, na hakuna anayeweza kulisoma. Jambo hilo liliniuma kuliko kutu niliyoiona kwenye milango.

Wapo watakaosema shule ina upungufu wa madawati, na bei ya chuma chakavu itanunua machache. Ni kweli, wala siwabezi. Lakini bei hiyo inalipwa mara moja tu, na gari lile lilitufundisha miaka mitano. Naomba mkutano uamue mambo mawili. Kwanza, gari lisiuzwe, bali liingizwe karakanani, wanafunzi walifungue na kulifunga chini ya mwalimu wao wa ufundi. Vipuri vya mwanzo nitavinunua mimi. Pili, kila mmoja wetu alete majina ya wenzake wa darasa, walio hai na waliotangulia, tuandike daftari jipya.

Nanyi wadogo zetu, likishindwa kuwaka siku ya kwanza, lisukumeni kutoka juu, tia gia ya pili, kisha achieni klachi kwa ghafla. Sisi tunajua mlima ulipo.