Picha Chini ya Kidole: Historia ya Vitabu vya Kugusa vya Watoto Wasioona

Historia ya vitabu vya watoto wasioona inaanzia Paris katika miaka ya 1780, ambako Valentin Haüy alifungua shule ya watoto hao na kuwachapishia vitabu ambavyo herufi zake zilikandamizwa kwenye karatasi iliyoloweshwa hadi zikainuka na kuweza kupapaswa. Herufi hizo zilikuwa zile zile za wenye kuona, zikiwa zimekuzwa na kuinuliwa tu, na humo ndimo lilimojificha kosa ambalo lingekuja kurudiwa katika picha: jicho huidaka herufi nzima kwa mara moja, ilhali kidole hulazimika kuizunguka mstari kwa mstari na kona kwa kona, kikikusanya umbo lake kidogo kidogo. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, usomaji ulikuwa wa polepole mno, na mwanafunzi hakuwa na njia nyepesi ya kuandika kile alichojifunza kukisoma.

Aliyelisahihisha kosa hilo alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo. Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, alikuwa mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka 3 alijichoma jicho kwa msharasi, yaani chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, na maambukizo yakaenea hadi jicho la pili. Shuleni alikutana na mfumo wa Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, ambao uliwakilisha sauti za lugha kwa mafungu ya nukta zilizofika 12. Na kwa kuwa fungu la nukta 12 halienei chini ya ncha ya kidole, Braille alilipunguza likawa la nukta 6, akaukamilisha mfumo wake mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 15 na kuuchapisha mwaka 1829. Haya ndiyo maandishi ya nukta nundu, ambayo Ufaransa iliyapokea rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya Braille kufariki. Ukubwa wa kazi yake umo katika jambo moja: maandishi hayo hayafanani na herufi yoyote ya wino, kwa sababu kipimo chake ni kidole.

Ushindi huo, hata hivyo, ulikuwa wa maneno peke yake. Wakati vitabu vya picha vya watoto wenye kuona vikizidi kunawiri, mtoto asiyeona alibaki na kurasa za nukta, na picha zilipomfikia zilikuwa mara nyingi michoro ya wino iliyoinuliwa mistari yake, au karatasi za plastiki zilizopashwa moto na kufyonzwa juu ya kielelezo hadi zikashika umbo lake. Kosa la Haüy likawa limerudi. Mchoro wa basi lililotazamwa kutoka ubavuni una maana kwa aliyewahi kulitazama. Mtoto asiyeona analijua basi kwa ngazi anayoikanyaga, kwa bomba analolishika, kwa kiti na mtetemo wake, na mstari unaozunguka bati la nje haumkumbushi lolote kati ya hayo.

Dalili za njia nyingine zilionekana mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Virginia Allen Jensen, mwandishi aliyeishi Denmark, alipotoa kitabu ambacho wahusika wake ni maumbo yanayotofautishwa kwa namna yanavyohisika mkononi. Mwaka 1994 Philippe Claudet, mwalimu wa watoto wasioona, alianzisha karibu na Dijon nyumba ya uchapishaji ya Les Doigts Qui Rêvent, yaani vidole vinavyoota ndoto, ambayo hubandika na kushona vitabu vyake kwa mikono, ikitumia vitambaa, ngozi na kamba. Humo mkwaruzo, ulaini na ubaridi ndivyo vinavyosimulia, na nukta nundu huandamana na herufi kubwa za wino ili mzazi anayeona na mtoto asiyeona wasome ukurasa mmoja kwa pamoja.

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unaruhusu maandishi yenye hakimiliki kugeuzwa nukta nundu na kuvushwa mipaka bila kumwomba mwenye kazi kibali, na hiyo ni faida kubwa kwa matini. Lakini kitambaa hakisafiri kama faili la kompyuta, na kila nakala ya kitabu cha kugusa hudai mikono ya mtu. Walimu wa shule za awali, wazazi na mafundi cherehani wanaombwa basi wasingoje vitabu hivyo kutoka Ulaya, kwani vipande vya kitenge, makumbi ya nazi, ukili na gunia vinatosha kuanzia ukurasa wa kwanza, mradi mtoto asiyeona mwenyewe aguse kila ukurasa kabla haujashonwa.