Bromini: Historia ya Jina, Dawa na Sumu

Utangulizi

Mwanafunzi akimwuliza mwalimu wa Kiswahili maana ya neno bromini, mara nyingi huambiwa akamwulize mwalimu wa kemia. Sisi tunaona kwamba swali hilo ni letu pia. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi historia ya elementi hiyo, kisha tutaonyesha inavyotuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Kigali.

Asili ya jina

Mwaka 1826 Mfaransa Antoine-Jérôme Balard, kijana wa miaka 23, alitangaza kwamba amepata elementi mpya katika maji ya chumvi ya Montpellier. Ilikuwa kioevu chenye rangi ya kahawia nyekundu, na mvuke wake uliwasha macho na koo. Mjerumani Carl Löwig alikuwa ameipata pia, lakini Balard ndiye aliyetangulia kuchapisha. Balard alitaka iitwe muride, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya maji ya chumvi. Wataalamu wa Paris hawakukubali. Wakachagua neno la Kigiriki bromos, yaani uvundo. Kumbe mabishano ya istilahi hayakuanza kwetu.

Wafaransa husema brome, Waingereza bromine. Kiswahili kilifuata Kiingereza na kuongeza irabu mwishoni: bromini, kama klorini. Chumvi zake, ambazo Kifaransa huziita bromure, sisi tunaziita bromidi. Mnyarwanda aliyesoma kemia kwa Kifaransa hana budi kulijua hilo.

Dawa ya kifafa

Mwaka 1857 daktari Charles Locock wa London alieleza kwamba bromidi ya potasiamu iliwasaidia wagonjwa wake wa kifafa. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kifafa iliyoonekana kufaa kweli. Watu wakaitumia pia kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Tatizo ni kwamba bromidi hutoka mwilini polepole sana: nusu yake huchukua siku 12 hivi. Aliyeimeza kila siku aliilimbikiza, akatokwa na vipele, akalegea na kuchanganyikiwa. Wengine walipelekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili, na kumbe maradhi yao yalitoka kwenye chupa ya dawa. Kuanzia mwaka 1912 fenobabitali ilianza kuchukua nafasi yake.

Bromini katika Afrika Mashariki

Huku kwetu wafugaji na wakulima ndio walioijua zaidi. Tangu miaka ya 1950 ng'ombe wenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wamekuwa wakidungwa bromidi ya homidiamu. Katika maabara kemikali hiyohiyo huitwa bromidi ya ethidiamu. Hutumika kuonyesha DNA, na anayeishika huvaa glavu. Kitu kimoja, majina mawili, tahadhari mbili.

Huko Naivasha, Kenya, wakulima wa maua walitumia gesi ya bromidi ya methili kuua minyoo na vimelea udongoni. Baadaye ilibainika kwamba bromini ikifika juu angani huharibu tabaka la ozoni kuliko klorini, chembe kwa chembe, kwa makumi ya mara. Mwaka 1992, huko Copenhagen, gesi hiyo iliingizwa katika Itifaki ya Montreal ya 1987. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwanzo wa 2015 kuiacha, isipokuwa kwa matumizi machache kama kufukiza shehena zinazovuka mipaka. Wakulima wakageukia mvuke wa moto na kilimo kisichotumia udongo. Itifaki hiyohiyo ilirekebishwa hapa Kigali mwezi Oktoba 2016, safari hiyo kwa ajili ya gesi za majokofu zisizo na bromini.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha kwamba tofauti ya dawa na sumu mara nyingi ni kipimo, na kipimo huandikwa kwa maneno. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Tukiishia kwenye ngeli na methali peke yake, mfugaji anayenunua dawa ya ng'ombe hatutamsaidia. Tunawashauri walimu wenzetu walete darasani karatasi ya maelezo ya dawa, na wanafunzi waiandike kwa Kiswahili ambacho mfugaji huyo ataelewa bila kuuliza mara ya pili.