Mistari Iliyoondolewa

Mei 2010, siku chache kabla ya mashindano ya Formula One ya Uhispania, timu ya Ferrari iliondoa mistari kwenye magari yake mekundu. Ilifanana na ile alama ya mistari inayosomwa na mashine ya keshia dukani.

Sigara za Marlboro, za kampuni ya Philip Morris, zilikuwa zimeidhamini Ferrari kwa miaka mingi. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku udhamini wa sigara katika michezo ya kimataifa. Jina likaanza kutoweka garini, na mistari ikachukua nafasi yake. Madaktari nchini Uingereza wakasema hilo ni tangazo lililofichwa. Ferrari wakakana: ni urembo wa gari tu. Hata hivyo, wakaiondoa.

Katika masomo yangu ya uzamili ninachunguza historia ya matangazo kupitia picha. Picha ya gari lile nilimwonyesha mjomba wangu, ambaye aliacha kuvuta zamani na hajawahi kufuatilia mbio za magari. Akaitazama kidogo, akaniuliza, "Hii si pakiti ya sigara?" Katika mistari ile hakuna herufi hata moja.

Jibu lake lilinirudisha nyuma hadi 1968. Kabla ya hapo, magari ya mbio yalivaa rangi za nchi: Italia nyekundu, Ufaransa buluu, Uingereza kijani. Tarehe 1 Januari mwaka huo, huko Kyalami, Afrika Kusini, Jim Clark alishinda akiendesha Lotus ya kijani yenye mstari wa njano katikati. Katika mashindano hayohayo, John Love aliendesha Brabham yenye rangi za sigara za Gunston. Kabla Januari haijaisha, Lotus ya Clark ilionekana New Zealand ikiwa nyekundu, nyeupe na dhahabu, rangi za pakiti ya Gold Leaf. Kijani na mstari wake wa njano vilikuwa vimekwenda.

Ndiyo maana sikubali kwamba mistari ya gari ni urembo tu. Mwaka 1968 mstari uliondolewa ili sigara ipate mahali pa kukaa. Mwaka 2010 mistari iliondolewa kwa sababu watu walikuwa bado wanaiona sigara ndani yake.

Mwaka 2011 Ferrari waliliondoa neno Marlboro hata kwenye jina rasmi la timu, lakini Philip Morris hawakuondoka. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya Japani, magari mekundu yalitokea na maneno mapya, Mission Winnow, kampeni ya kampuni hiyohiyo.

Anayetunga sheria ya matangazo, basi, asiishie kuuliza gari limeandikwa nini. Aulize pia linamkumbusha nini mtu aliyehangaika kuacha kuvuta.