Pengo la Bwawa la South Fork

Pengo lililo mbele yako ndipo ukuta wa bwawa ulipobomoka. Serikali ya jimbo la Pennsylvania ilimaliza kujenga bwawa mwaka 1853 ili kulisha mfereji wa mashua. Baadaye likawa ziwa la klabu ya uvuvi ya matajiri wa Pittsburgh, akiwemo Andrew Carnegie. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameshang'olewa na kuuzwa, klabu haikuyarudisha. Ukuta ulipunguzwa kimo ili magari ya farasi yapishane juu yake. Njia ya maji ya ziada iliwekewa wavu wa chuma, samaki wasitoroke.

Alasiri ya Mei 31, 1889, baada ya mvua kubwa, maji yaliufurikia ukuta na kuuvunja. Tani zipatazo milioni 20 zilifika Johnstown, kilomita 23 hivi kutoka hapa, kwa muda wa saa moja hivi. Walikufa watu zaidi ya 2,200, zikiwemo familia nzima nzima. Zaidi ya 750 hawakutambuliwa. Wamezikwa pamoja katika makaburi ya Grandview. Mahakama haikuiwajibisha klabu.

Kingo hizi zimehifadhiwa kama ukumbusho wa taifa tangu 1964. Makumbusho ya Mafuriko yako mjini Johnstown, katika maktaba ya zamani iliyojengwa kwa fedha za Carnegie baada ya maafa.