Risiti ya Baba

Nilimrekebisha baba mbele ya watu mara moja tu, na sijasahau. Tulikuwa kwenye supamaketi moja ya Westlands, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tulikuwa tumepanda matatu kutoka Kangemi, mimi nikiwa darasa la sita, nimevaa viatu vya kanisani. Baba alilipia unga, sukari na sabuni, kisha akamwambia dada wa kaunta, "Naomba risiti."

Nikasema kwa sauti, "Baba, si risiti. Ni receipt."

Yule dada akacheka. Baba akakunja karatasi yake, akaitia kwenye mfuko wa shati, na hatukuongea hadi tukafika steji.

Sijitetei, lakini shuleni kwetu kulikuwa na kibao chenye kamba. Ukipatikana ukiongea Kiswahili au lugha ya nyumbani, unakivaa shingoni hadi umnase mwenzako. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Mtoto akilelewa hivyo, anazoea kuwinda makosa kwenye midomo ya watu, hata wa kwao.

Nikiwa kidato cha pili, nilikuwa natafuta neno lingine kwenye kamusi nikakutana na "risiti". Limetulia pale na ngeli yake, kama neno lolote lile. Kumbe baba hakuwa anaongea Kiingereza kibovu. Alikuwa anaongea Kiswahili, na mimi ndiye sikukijua.

Tangu hapo nimekuwa nikiyafuatilia maneno haya. Mtu akikuambia tuachane na maneno ya kukopa, muulize atanunua wapi unga. Duka lina asili ya dukkan la Kiarabu. Soko pia ni la Kiarabu. Pesa ni ndugu ya paisa ya Kihindi. Simu ni neno la Kiajemi, sim, yaani waya. Leo simu iko mfukoni bila waya wowote, lakini jina bado limeubeba. Maneno haya yalifika pwani kwa jahazi zamani sana, ndiyo maana tunadhani yalizaliwa hapa.

Ya Kiingereza yalichelewa tu. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji ukaota kuizunguka. Vibarua wengi hawakufundishwa Kiingereza darasani. Walikisikia kwa sikio, kwenye amri na kelele za kazi, wakakipa irabu mwishoni ili kikae vizuri mdomoni: reli, stesheni, tikiti, benki. Kuanzia 1921 tukahesabu shilingi. Baadaye watoto wa mtaani wakaendelea na kazi hiyohiyo bila kumwomba mtu ruhusa. Town ikawa tao, fifty ikawa finje, thousand ikawa thao. Ukiwa na thao tao, hakuna anayekuuliza umesoma wapi.

Mpira nao una hadithi yake. Baba alimpenda sana Leonard Mambo Mbotela akitangaza mechi redioni. Watangazaji wa Kiswahili walichukua kona na penalti kama zilivyokuja, lakini kwa offside wakatumia neno la zamani: ameotea. Kuotea ni kuvizia, kama mwindaji anayejificha akingoja windo. Yaani mshambuliaji amejibanza nyuma ya mabeki akingoja mpira. Neno hilo linaeleza sheria kuliko refa mwenyewe.

Kwa hivyo kukopa na kubuni vyote ni vyetu. Darasani tuliandika tarakilishi na rununu ili tupate alama, tukitoka nje tukasema kompyuta na simu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, jina lake lilikuwa herufi moja ya mobile, kistari, na neno lililokuja na jahazi. Hakuna mzee aliyesubiri kozi ya Kiingereza ndipo atume pesa kijijini.

Basi aibu ilitoka wapi? Nafikiri ilitoka kwenye karatasi. Kwa miaka mingi Kiswahili kiliitwa lugha ya taifa, lakini fomu, barua za kazi na mitihani karibu yote ilikuwa kwa Kiingereza. Kiswahili chenyewe kilikuwa somo la lazima la mtihani kuanzia mfumo wa 8-4-4, mwaka wa 1985. Ni Katiba ya 2010, kifungu cha 7, iliyokitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini baba alishazoea kuongea kidogo ofisini. Na siku ile pale kaunta, mimi nilikuwa ofisi nyingine.

Mwezi uliopita nilimpeleka Luthuli Avenue kununua simu. Alibishana bei vizuri sana, akauliza kuhusu chaji, laini na waranti, yote kwa Kiswahili chake. Kijana wa duka akamjibu vilevile, "Sawa, mzee wangu." Tulipokuwa tunaondoka nilimshika baba mkono.

"Baba, umesahau risiti."

Akaniangalia kwa muda. Sijui kama anaikumbuka siku ile, sijawahi kumuuliza. Kisha akamgeukia yule kijana na kuiomba mwenyewe, kwa sauti, kama alivyoiomba ile siku ya kwanza.