Lengo, Kipimo na Muda: Utimizaji wa Malengo ya Pamoja katika Wilaya za Mbulu na Hanang, 1968–1994

1.0 Utangulizi

Katika maandiko ya taaluma ya uongozi, lengo zuri la kikundi cha kazi huelezwa kuwa ni lile linalopimika na lenye tarehe ya mwisho. Peter Drucker alilitetea wazo la kusimamia kazi kwa malengo katika kitabu alichokitoa mwaka 1954. Mnamo Novemba 1981, George Doran akalifupisha katika kanuni ya herufi tano ambayo hadi leo hufundishwa katika semina za watumishi. Mwaka huohuo wa 1981, Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, wilayani Hanang, pamoja na wanakijiji 67, walifungua shauri katika Mahakama Kuu dhidi ya NAFCO, shirika la umma lililosimamia mashamba makubwa ya ngano. Matukio hayo mawili hayakuhusiana. Hata hivyo, yakiwekwa pamoja yanazaa swali ambalo maandiko ya uongozi hayaliulizi mara nyingi: lengo linapotimizwa kwa wakati, gharama ya kile ambacho hakikuhesabiwa hulipwa lini, na hulipwa na nani?

Makala haya yanachunguza malengo mawili yaliyopimika yaliyotekelezwa katika eneo la Mbulu na Hanang: kuwahamishia wananchi wote vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na kulima ngano katika uwanda wa Basotu. Hoja kuu ni kwamba malengo yote mawili yalifikiwa kwa vipimo vyake yenyewe, lakini kwa kuahirisha kazi moja iliyokuwa ngumu kupimika, nayo ni kubainisha haki za ardhi. Kazi hiyo iliyoahirishwa ilihamia mahakamani, na huko ilichukua muda mrefu kuliko ule uliodhaniwa kuokolewa.

2.0 Eneo na Watu Wake

Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbulu mwishoni mwa miaka ya 1960. Wilaya zote mbili zilikuwa katika Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002. Nyanda za juu za Mbulu ni kitovu cha Wairaqw, ambao kwa muda mrefu wamechanganya kilimo na ufugaji. Uwanda unaouzunguka Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, umekuwa makazi na malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga.

Ufugaji wa Wabarabaig haukuwa kutangatanga kusiko na mpango, kama ulivyoelezwa mara kwa mara na maofisa. Charles Lane (1996) ameonesha kwamba mifugo ilihamishwa kutoka aina moja ya malisho hadi nyingine kwa kufuata mvua, maji na hali ya majani. Malisho yenye rutuba kubwa kuliko yote ni yale wanayoyaita muhajega. Malisho hayo hayakutumiwa mwaka mzima. Thamani yake ilitokana na kupumzishwa. Matumizi ya ardhi, visima na malisho yalijadiliwa katika mikutano ya jamii, girgwageda, ambayo George Klima (1970) aliieleza, ukiwemo mkutano wa wanawake uliokuwa na mamlaka ya kuadhibu. Kwa hiyo palikuwepo kikundi kilichopanga kazi kwa pamoja na kwa wakati. Kipimo chake kilikuwa hali ya nyasi na afya ya mifugo, na kalenda yake ilikuwa mvua.

Jambo hili ni la msingi katika uchambuzi unaofuata. Ardhi iliyopumzishwa kwa makusudi huonekana tupu kwa mgeni anayepita katika msimu usio wake.

3.0 Lengo la Kwanza: Mwisho wa Mwaka 1976

Azimio la Arusha la mwaka 1967 na sera ya Ujamaa Vijijini viliwataka wananchi waishi pamoja kwa hiari. Hiari haina tarehe, na kasi yake haikuwaridhisha viongozi. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mnamo Novemba 1973, Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri.

Lengo hilo lilikuwa na sifa zote ambazo Doran angezitaja miaka minane baadaye. Lilikuwa bayana, lilihesabika kwa idadi ya watu na vijiji, na lilikuwa na tarehe. Sheria ya mwaka 1975 ya kuandikisha vijiji iliongeza kipimo kingine: kwa kawaida kijiji kilipaswa kuwa na kaya zisizopungua 250. Kila ngazi ya utawala, kuanzia mkoa hadi kata, ilikuwa na takwimu ya kupeleka juu.

Kwa kipimo hicho, operesheni ilifanikiwa. Ilipofika mwaka 1977, kiasi cha watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini nchini kote. Ilikuwa miongoni mwa kampeni kubwa za makazi barani Afrika. Lakini takwimu zilizopelekwa juu zilihusu kaya na vijiji. Hazikueleza aliyehamishwa aliacha ardhi gani, aliyepokea alipewa kwa mamlaka ya nani, wala mipaka ya kijiji kipya iliishia wapi. Kufuatilia maswali hayo kwa kila kaya kungehitaji vikao, ushahidi wa majirani na maandishi, mambo ambayo yasingeweza kukamilika kabla ya Desemba 1976. Ofisa aliyepimwa kwa idadi ya kaya hakuwa na sababu ya kuyashughulikia.

Sheria ya 1975 iliipa halmashauri ya kijiji kilichoandikishwa hadhi ya kisheria, ikiwemo uwezo wa kushtaki na kushtakiwa. Ardhi, kwa upande wake, ilipaswa kugawiwa kijiji na Halmashauri ya Maendeleo ya Wilaya. Hivyo kijiji kiliweza kuwa hai katika daftari la msajili bila kuwa na karatasi inayothibitisha ardhi yake. Pengo hilo halikuonekana katika taarifa yoyote ya utekelezaji, kwa kuwa hapakuwa na safu ya kuliandika.

4.0 Lengo la Pili: Ekari za Ngano

Wakati vijiji vikihesabiwa, hesabu nyingine ilikuwa ikiendelea Basotu. Ulimaji wa ngano kwa mashine ulianza huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kanada, kupitia shirika lake la misaada CIDA, ilitoa fedha, mashine, wataalamu na mafunzo, pamoja na kusaidia utafiti wa mbegu katika kituo cha Selian, Arusha. Mradi ulikua hadi kufikia mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kila shamba lilikuwa na takriban ekari 10,000 zinazolimwa, na ardhi yote iliyoshikiliwa ilikaribia ekari 100,000.

Ni vyema kuulinganisha mradi huu na ule wa karanga wa serikali ya kikoloni. Mradi wa karanga, ambao Kongwa ilikuwa kitovu chake, ulikuwa na lengo la kupanda ekari 150,000 mwaka 1947. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliufuta baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36. Wanahistoria wameutumia mradi huo kama mfano wa lengo lililowekwa bila kuujua udongo wala mvua. Hanang haikuwa Kongwa. Udongo wake wa volkano uliifaa ngano, utafiti ulitangulia upanuzi, na Watanzania waliofunzwa walishika usimamizi wa mashamba hatua kwa hatua. Kwa kipimo cha ekari zilizolimwa na magunia yaliyovunwa, vikosi vya mashambani vilifanya kazi waliyotakiwa kufanya. Katika nchi iliyokumbwa na upungufu mkubwa wa chakula miaka ya 1973 na 1974, jambo hilo halikuwa dogo.

Kwa sababu hiyo Hanang inafundisha zaidi kuliko Kongwa. Lengo lililoshindwa hujikosoa lenyewe. Lengo lililofanikiwa huficha kile lilichokiacha nje, kwa kuwa hakuna anayetafuta kasoro katika taarifa iliyojaa mafanikio. Sehemu kubwa ya ardhi iliyolimwa ilikuwa muhajega. Katika hesabu ya shamba, ekari ya muhajega ilikuwa ekari tupu iliyogeuzwa kuwa ekari ya ngano, yaani faida kamili. Katika hesabu ya mfugaji, kuondolewa kwa muhajega kulivunja mzunguko wote, kwa sababu mifugo ililazimika kukaa muda mrefu zaidi katika malisho yaliyobaki, nayo yakachoka. Njia za kwenda kwenye maji zilizibwa. Makaburi ya wazee, vichuguu vya udongo vinavyoitwa bung'eda ambavyo kwa Wabarabaig ni mahali pa ibada na pia alama ya ukoo katika ardhi, yalipitiwa na majembe ya trekta.

Hakuna kati ya hayo lililokuwa gumu kuhesabu. Makaburi yangeweza kuhesabiwa, na njia za maji zingeweza kuchorwa. Hayakuhesabiwa kwa sababu waliojua umuhimu wake hawakuwa miongoni mwa waliokaa kuweka lengo.

5.0 Deni Lafika Mahakamani

Shauri la Mulbadaw la mwaka 1981 linapaswa kusomwa katika mwanga huo. Kijiji kilidai kwamba NAFCO ilikuwa imeingia katika ardhi yake. Mahakama Kuu ilikubaliana na wanakijiji. NAFCO ilikata rufaa, na katika uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1985, Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo. Sababu mbili za uamuzi zinahusu moja kwa moja mada ya makala haya. Kwanza, halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba ardhi hiyo iligawiwa kwake na Halmashauri ya Maendeleo ya Wilaya. Pili, wanakijiji waliodai haki ya kimila hawakuthibitisha kwamba walikuwa wenyeji kwa tafsiri ya sheria ya ardhi.

Uwezo wa kijiji kusimama mahakamani ulitokana na kuandikishwa, yaani na kile kilichohesabiwa. Kushindwa kwake kulitokana na kukosa uthibitisho wa mgawo, yaani na kile ambacho hakikuhesabiwa. Jukumu la kugawa ardhi na kuandika mgawo lilikuwa la mamlaka za wilaya, lakini mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia mwanakijiji.

Mwaka 1987 serikali ilitoa amri, Tangazo la Serikali Na. 88, lililofuta haki za kimila katika maeneo ya Hanang yaliyohusika na mashamba ya ngano. Kwa lugha ya uongozi, amri hiyo ilikuwa njia ya kuondoa kikwazo kilichochelewesha utekelezaji. Kwa lugha ya historia, ilikuwa kukiri kwamba haki hizo zilikuwepo, kwani hakuna anayefuta kisichoandikwa popote wala kudaiwa na mtu.

Upande wa Mbulu, deni la Operesheni Vijiji lilidaiwa kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980 wananchi waliopoteza ardhi wakati wa operesheni walianza kuirudisha kwa hukumu za mahakama. Serikali ilijibu kwa sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila zilizokuwepo kabla ya operesheni na kuyaondoa mashauri ya aina hiyo mahakamani. Baba na mwanawe kutoka Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, eneo ambalo leo ni la Karatu na kihistoria lilikuwa sehemu ya Mbulu, waliipinga sheria hiyo kikatiba. Desemba 1994, Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na ikabatilisha vifungu vilivyowanyima wananchi fidia na njia ya kufika mahakamani.

Kutoka amri ya Novemba 1973 hadi tarehe ya mwisho ya Desemba 1976 ni takriban miezi 38. Kutoka Desemba 1976 hadi hukumu ya Desemba 1994 ni miaka 18. Hesabu hii rahisi ndiyo kiini cha makala haya: kazi iliyorukwa ili muda utoshe ilidai muda mara tano na zaidi.

6.0 Mjadala na Hitimisho

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kosa lilikuwa katika vipimo na tarehe vyenyewe, na kwamba maendeleo ya watu hayapaswi kuhesabiwa. Ushahidi wa Mbulu na Hanang haufikishi huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inapimika: inahitaji mipaka ya kijiji ikubaliwe na majirani, cheti kitolewe, na mgawo upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Tofauti yake na daftari la 1975 ni kwamba imekifanya kuwa kipimo kile ambacho mwanzoni kiliachwa nje, na imempa mwanakijiji nafasi ya kukataa kabla kazi haijahesabiwa kuwa imekamilika.

Funzo hilo linavuka mipaka ya ardhi. Mwaka 2004 watumishi wa umma Tanzania waliwekewa mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, uliojulikana kwa kifupi MWAMTUKA, ambamo malengo yalikubaliwa kati ya mtumishi na msimamizi wake. Makubaliano ya watu wawili ni bora kuliko amri ya mmoja. Lakini katika Hanang, meneja wa shamba na wafadhili wake nao walikuwa wamekubaliana. Aliyekosekana mezani alikuwa mtu wa tatu, yule ambaye kazi inafanyika katika ardhi yake.

Kwa hiyo, swali la kama lengo linapimika na lina tarehe halitoshi kuamua ubora wake. Linapaswa kutanguliwa na swali la nani ni mwanakikundi. Pale jibu linapowaacha nje watu watakaobeba gharama, kazi inaweza kukamilika kwa wakati katika taarifa, ilhali kwa wanaoishi nayo ndiyo kwanza inaanza.